Mayi ya moto: utajiri ambao Katanga na Kivu bado hawajauhesabu

Mwezi wa sita, asubuhi ya Kolwezi ni baridi. Muji uko juu, zaidi ya metre 1.400 juu ya bahari, na katika cité ya Musonoi mama wa nyumba anawasha makala kwanza ili watoto wapate mayi ya uvuguvugu ya kunawa mbele ya kwenda kwenye masomo. Makala ni bei. Muto Musonoi uko karibu, lakini si muto wa kuogeshea mutoto. Wakati huohuo, katika Katanga hii hii, kuko fasi ambapo mayi yanatoka chini ya udongo yakiwa ya moto, usiku na muchana, bila makala, bila umeme, bila mutu kulipa hata franka moja.

Wakaaji wa mashariki ya Congo wanayajua mayi hayo. Katanga kuko Kiabukwa, upande wa bonde la Upemba. Kivu ya Kaskazini kuko fasi ambayo jina lake lenyewe ni Mayi ya Moto, katika teritware ya Rutshuru. Kivu ya Kusini kuko Kankule, katika Katana, teritware ya Kabare. Watu wanaendaka kwenye mayi ya namna hiyo kuoga, kutafuta nafuu ya ngozi na ya mifupa, kuchemsha mayai, ao kupiga picha tu na kurudi nyumbani.

Ile ni furaha ya kweli, na haina ubaya. Lakini nyuma ya furaha hiyo kuko swali ambalo watu wachache wanaliuliza: mayi hayo ni ya nani? Na siku kampuni itakapokuja na karatasi kutoka Kinshasa, ikitaka kujenga hoteli ao mashini ya umeme pale, wakaaji watakuwa na nini mukononi cha kuonyesha? Watu wa Musonoi walishaona kinachofikia mayi ambayo hakuna mutu aliyeyahesabu. Njo maana historia yao inafaa kusikilizwa hata na mutu wa Katana ao wa Malemba Nkulu.

Moto unatoka wapi?

Kuko vijiji ambako mugeni anaombwa kupita kwanza kwa shefu ao kwa muzee wa ukoo mbele ya kufika kwenye mayi, juu fasi ile inaheshimiwa kama ya mababu. Heshima hiyo ina kazi yake, na tutaona mbele kwa nini. Wajuzi wa udongo, wao wanaeleza hivi: mvua ikinyesha, sehemu ya mayi inaingia chini kupitia nyufa za mawe. Kadiri yanavyoshuka, ndivyo yanavyokuta joto. Kwa kawaida kila kilometre moja ya kushuka inaongeza digrii 25 hadi 30. Mayi yakifika mbali sana chini, yanatafuta njia ya kupanda tena. Yakipata ufa mukubwa, yanapanda haraka, na yanafika juu mbele hayajapoa.

Wafanyakazi wa karieri za chini, kama Kamoto pale Kolwezi, hawashangai kusikia kwamba chini ya udongo kuna mayi mingi. Wanajua kwamba pompe zikisimama, kazi inasimama. Tofauti ni kwamba kwa kupata mayi ya moto kweli kweli, lazima kuwe ufa unaoshuka mbali sana.

Ufa huo uko. Unapita Ziwa Albert, Ziwa Edouard, Ziwa Kivu na Ziwa Tanganyika, na moja ya matawi yake inaingia ndani ya Katanga. Bonde la Upemba, lenye maziwa yake na samaki wake, lilizaliwa na tawi hilo. Kivu, joto linaongezwa na volkano, kama Nyiragongo na Nyamulagira. Katanga haina volkano. Mayi yake yanapata moto kwa kushuka mbali tu. Mayi ya digrii 91, kama yale ya Kiabukwa, yalishuka zaidi ya kilometre mbili mbele ya kupanda.

Hata chini ya ziwa mayi ya moto yako. Mwaka wa 1987, watafiti walipata fasi kadhaa kaskazini ya Ziwa Tanganyika ambapo mayi ya moto yanatoka kwenye sakafu ya ziwa, upande wa Pemba na upande wa Banza, kwenye rasi ya Ubwari. Muvuvi wa Fizi anapitisha mutumbwi wake juu ya moto bila kujua.

Kiabukwa, mwaka wa 1952

Watu wengi wanafikiri kwamba umeme wa mvuke na mayi ya moto ni maneno ya Kenya. Kumbe Afrika ilianzia Katanga. Mwaka wa 1952, mashini ndogo ya umeme iliwekwa Kiabukwa, yenye nguvu ya megawati 0,2. Ilitumia mayi yaliyotoka yenyewe chini ya udongo, digrii 91, litre 40 kwa kila sekunde, na umeme wake ulikwenda kwa kampuni ya madini. Ilitumika miaka michache tu, halafu ikanyamaza. Kenya, ambayo leo inapata karibu nusu ya umeme wake kwa njia hiyo, iliwasha mashini yake ya kwanza ya Olkaria mwaka wa 1981, karibu miaka 30 nyuma ya Kiabukwa.

Litre 40 kwa sekunde ni nini? Ni bidoni mbili za litre 20 zinazojaa kila sekunde. Kwa saa moja ni bidoni 7.200. Mama anayepanga mustari na bidoni yake kwenye bombani ya cité anaweza kufanya hesabu hiyo mwenyewe na kuelewa.

Megawati 0,2 ni kidogo sana, na hakuna mutu wa kudanganya wakaaji kwamba Kiabukwa ingeweza kulisha karieri za leo. Barrage ya Nzilo peke yake, karibu na Kolwezi, ina nguvu ya megawati 108. Lakini kuko jambo la kufikiri. Mwaka wa 1982, inchi ilimaliza mustari mukubwa wa umeme wa kilometre 1.700, kutoka Inga hadi Kolwezi. Umeme ulipita juu ya vijiji na vijiji ambavyo havikupata hata taa moja, ukafika kwa makampuni. Katika Musonoi, watu wanaishi karibu na mwisho wa mustari huo, na bado wanajua giza ni nini.

Kiabukwa inaonyesha pia jambo lingine. Wale walioweka mashini walianza kwa kupima: digrii ngapi, litre ngapi kwa sekunde. Kitu kilichopimwa kinapata bei, na kitu chenye bei kinapata mwenyewe. Wakaaji waliokuwa wanatumia mayi hayo tangu zamani hawakuwa na karatasi yenye namba hizo. Kampuni njo ilikuwa nayo.

Kivu: fasi nzuri, barabara zimefungwa

Mayi ya Moto ya Rutshuru iko ndani ya parke ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka wa 1925 na ambayo ni parke ya kwanza katika Afrika. Mvuke unapanda kutoka kwenye udongo, na wageni wa zamani waliokuja kutazama viboko na tembo upande wa Ziwa Edouard waliweza kupita kuuona. Kankule, yenyewe, iko karibu na watu, katika eneo la mashamba, si mbali na Ziwa Kivu. Fasi mbili hizo zingeweza kulisha jamaa nyingi kwa njia ya wageni: wa kuonyesha njia, wa kuuza mayai na muhogo, wa kulinda motokari, wa kulaza mutu usiku.

Lakini vita imefunga njia. Rutshuru iko mukononi mwa M23 tangu muda, Goma ilichukuliwa mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi wa pili mwaka huohuo. Kwa mukaaji wa Kolwezi ao wa Kisangani, safari ya kwenda kuoga Mayi ya Moto si neno la leo. Hata Katanga, pembezoni mwa parke ya Upemba watu wenye silaha wamesumbua walinzi na wanakijiji mara nyingi.

Wakati wa vita ni wakati mubaya kwa wageni, lakini si wakati wa kulala. Ni wakati huo ambapo karatasi zinatiwa sahihi mbali, na mwenyeji anashituka amani ikirudi, fasi yake imekwisha kuwa na jina lingine.

Somo la muto Musonoi

Kwa kuelewa hatari hiyo, mutu asiende mbali. Atazame muto Musonoi.

Kwa miaka makumi, mabaki ya mawe yaliyosagwa na kusafishwa katika kiwanda cha Gécamines cha Kolwezi yalimwagwa pale Kingamyambo na katika bonde la muto Musonoi. Ilikuwa takataka ya kampuni. Muto ulijaa matope ya madini, na wakaaji wakazoea kwamba mayi yale si ya kunywa wala ya kuoga.

Halafu bei ya shaba na ya kobalti ikapanda, na dunia ikagundua kwamba takataka ile ni mali. Ilikuwa zaidi ya tani milioni 100. Kampuni ya Kanada, First Quantum, ilipata mukataba wa kuichota na kuisafisha upya. Mwaka wa 2009 serikali ya Congo ilivunja mukataba huo. Kesi zikaanza, na mwezi wa kwanza 2012 kampuni ENRC ilikubali kulipa First Quantum dola miliare 1 na milioni 250 ili maneno ya Congo yaishe, pamoja na mali nyingine za kampuni hiyo hapa inchini. Leo kazi hiyo iko mukononi mwa Metalkol, ya kundi ERG, ambayo ilianza kutoa madini mwaka wa 2018.

Tuangalie vizuri kilichotokea. Matope ya muto yalipata wenyewe, wanasheria, kesi na dola. Mayi ya muto, yale ambayo mutoto wa Musonoi angeoga, hayakupata hata mutu mumoja wa kuyasemea katika kesi hizo zote. Kwenye vitabu vya makampuni, tope lilikuwa na namba: tani ngapi, shaba ngapi kwa mia. Mayi hayakuwa na namba.

Matokeo yako kwenye miili. Mwaka wa 2009, watafiti wa Lubumbashi na wa Ubelgiji walionyesha kwamba watu wanaoishi karibu na karieri na viwanda vya Katanga wana kobalti na madini mengine mingi sana ndani ya mukojo wao. Mwezi wa tatu 2024, mashirika RAID na AFREWATCH yalitoa ripoti juu ya mito inayozunguka karieri kubwa za upande wa Kolwezi, na ndani yake wanawake wanasimulia magonjwa ya ngozi na matatizo ya uzazi wanayoyaunga na mayi. Kwa hiyo, mutu wa hapa akisikia habari ya kwenda kuoga kwenye mayi safi yanayotoka chini ya udongo, anaelewa haraka kwamba si starehe ya matajiri. Ni kitu alichokuwa nacho na ambacho kimepotea.

Sheria inasema nini?

Kodi ya madini ya mwaka wa 2002, iliyobadilishwa mwaka wa 2018, haizungumzii shaba na dhahabu tu. Musitari wake wa 3 unasema kwamba madini, mayi ya chini ya udongo na joto la chini ya udongo ni mali ya Serikali peke yake. Maana yake ni hii: shefu wa kijiji anaweza kuwa muchungaji wa fasi, jamaa inaweza kuwa na shamba pale, lakini joto lenyewe si lao mbele ya sheria. Mutu anayenunua kiwanja penye mayi ya moto kwa ukoo, akifikiri amenunua na moto, amenunua udongo wa juu tu.

Sheria ya umeme ya mwezi wa sita 2014, nayo, imefungua mulango kwa watu binafsi kutengeneza na kuuza umeme. Mbele yake, kazi ilikuwa ya SNEL. Kwa hiyo, siku hizi, kampuni inayotaka joto la Upemba ao la Kivu ina njia ya kufuata. Karieri za Katanga zina njaa ya umeme, na kila megawati inatafutwa.

Sheria hizo si adui wa wakaaji. Zinaweza kusaidia, kama wakaaji wanazijua. Tangu 2018, kodi inayolipwa na makampuni ya madini juu ya mali wanayoitoa inagawanywa: 50 kwa mia kwa serikali ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekta ao sheferi ambamo karieri iko, na 10 kwa mufuko wa vizazi vinavyokuja. Tena, kila kampuni inapashwa kuweka 0,3 kwa mia ya mauzo yake pembeni kwa maendeleo ya wakaaji, na kutia sahihi pamoja nao kwenye cahier des charges, ambamo kazi za kampuni kwa wakaaji zinaandikwa moja moja.

Kuko shida moja ya kweli. Katanga iligawanywa katika majimbo manne mwaka wa 2015. Feza ya kobalti inaingia Lualaba, na bonde la Upemba sehemu kubwa yake iko Haut-Lomami. Feza ya Kolwezi haiwezi kwenda kutengeneza fasi ya kuoga ya jimbo lingine. Lakini hakuna kinachokataza komini za Kolwezi kuandika kwenye cahier des charges fasi moja ya mayi safi, yaliyopimwa, yenye bafu ya moto kwa watoto. Na hakuna kinachokataza sheferi za Haut-Lomami, Tanganyika na Kivu kuanza sasa kuandika mayi yao ya moto mbele ya mutu mwingine kuyaandika.

Majirani walifanyaje?

Uganda, katika parke ya Semuliki, mupakani na Ituri, kuko mayi ya moto ya Sempaya. Mayi yanachemka kabisa, na mugeni anayafikia akiwa na muongozaji wa parke. Hakuna kuoga pale. Watu wanapika mayai na ndizi ndani ya mayi, wanasikiliza historia ya chemchemi ya kiume na ya kike, wanalipa, wanarudi. Fasi inaleta feza juu iko na kanuni: njia ya mbao, muongozaji, bei moja inayojulikana.

Kitagata, upande wa Sheema, magharibi ya Uganda, ni namna nyingine. Pale watu wanaingia ndani ya mayi kabisa, wazee na vijana, wakitafuta nafuu ya maumivu. Bwawa moja linaitwa la mufalme, lingine watu wamelipa jina Mulago, jina la hospitali kubwa ya Kampala. Jina hilo linaeleza imani ya watu, na linaeleza pia hatari: mugonjwa anaweza kuacha hospitali ya kweli kwa ajili ya ile ya mayi.

Kenya, wamechanganya mambo mawili. Kampuni ya umeme KenGen, pale Olkaria karibu na Naivasha, inatoa umeme kwa mvuke, na tangu 2013 mayi ya moto yanayobaki yanajaza bwawa kubwa ambamo wageni wanaoga kwa kulipa. Iceland ilianza mbele yao. Mayi yaliyotoka kwenye kiwanda cha umeme cha Svartsengi yalifanya ziwa dogo, watu wenye ugonjwa wa ngozi wakaanza kuoga ndani yake mwaka wa 1981, na leo ziwa hilo, Blue Lagoon, linajulikana dunia nzima.

Mifano hiyo inafundisha kwamba umeme na kuoga havipigani lazima. Mayi yaleyale yanaweza kuzungusha mashini na halafu kuogesha mutu. Lakini hilo linatokea kama liliandikwa mwanzoni. Likisahauliwa kwenye mukataba, ukuta unajengwa, na mwenyeji anabaki inje akitazama mvuke.

Mbele ya kuingia ndani ya mayi

Kwa wale walio karibu na mayi ya moto na wanaoendaka kuoga, kuko mambo ya kuchunga.

Usiamini macho. Mayi ya digrii 60 yanaunguza ngozi kwa sekunde chache, na ngozi ya mutoto inaungua mbele ya ile ya mukubwa. Mayi ya kuoga yasipite digrii 40. Oga mbali na fasi yanapotokea, kule yamechanganyika na mayi ya baridi. Udongo ulio karibu na mudomo wa chemchemi unaweza kuwa mwembamba na kubomoka chini ya muguu. Mutu akiungua, mumwagilie mayi ya baridi safi muda wa dakika 20, bila kupakaa mafuta wala dawa ya meno, na apelekwe kwenye kituo cha afya.

Usikae muda murefu. Dakika 10 hadi 15 zinatosha. Mwanamuke mwenye mimba, mutu wa tansio na mutu wa ugonjwa wa moyo waulize munganga kwanza. Mutu aliyekunywa pombe asiingie.

Chunga hewa. Watu wa Goma wanaijua mazuku, hewa mubaya inayotoka chini ya udongo na kujikusanya kwenye mashimo. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haina rangi, na inaua mutoto na mbuzi mbele ya mutu mukubwa, juu wao wako karibu na udongo. Karibu na volkano, usiache watoto wakae ao walale ndani ya shimo lililo pembeni ya mayi.

Usinywe. Mayi yaliyopita mbali chini ya udongo yanabeba vitu mingi kutoka kwenye mawe, na vingine ni sumu hata kama mayi ni meupe. Usiingize kichwa wala kuvuta mayi kwa pua. Chini zaidi, kule mayi yanapopoa na kuwa bwawa la uvuguvugu, konokono wa bilharziose wanaweza kuishi. Usidhani kwamba kila bwawa linalotoka kwa mayi ya moto limepikwa.

Tena, moto wa mayi unalegeza mwili na unaweza kutuliza maumivu ya viungo kwa muda. Hauponyeshi SIDA, wala kifua kikuu, wala kisukari. Dawa ya hospitali isiachwe.

Kazi iliyobaki

Yale yanayoweza kufanywa leo hayaombi miliare. La kwanza ni kupima. Termometre moja, bidoni moja na saa ya mukononi zinatosha kujua digrii na litre kwa sekunde. Kijiji kikipima kila mwezi na kuandika kwenye daftari, nyuma ya mwaka mumoja kina ushuhuda ambao kampuni haiwezi kuudharau. Mayi yakipunguka siku mashini itakapoanza kuchimba pembeni, daftari litasema. Vyuo vikuu vya Lubumbashi, Kolwezi, Bukavu na Goma vina vijana wa jeoloji wanaotafuta kazi ya mwisho wa masomo, na kuwapokea ni kuwapa njia na fasi ya kulala.

La pili ni kuandika desturi. Pale ambapo muzee wa ukoo anapokea wageni, kanuni zake ziwekwe kwenye karatasi na zipelekwe kwa shefu wa sekta ao wa sheferi: fasi ya wanaume na ya wanawake, fasi isiyofuliwa nguo, bei ya mugeni, na mufuko ambamo feza inaingia. Heshima ya mababu ililinda mayi hayo hadi leo, lakini mbele ya tribinali desturi isiyoandikwa inakuwa nyepesi. Mwenye kuiandika asimufukuze muzee, juu yeye njo anaijua.

La tatu ni kuwa macho kwenye ofisi. Kadastre ya madini inaonyesha nani ameomba karatasi juu ya udongo gani. Sosiete sivile ya teritware inaweza kuuliza, na deputé wa jimbo anaweza kuuliza kwa nguvu zaidi. Mukutano wa wakaaji unaofanywa mbele ya karatasi kutolewa una uzito. Ule unaofanywa nyuma yake ni wa kuambiwa tu.

Katika Musonoi, swali ni dogo kuliko la Kiabukwa, na pengine ni gumu zaidi. Komiti ya wakaaji ikikaa tena na kampuni juu ya cahier des charges, barabara itatajwa, masomo yatatajwa, hospitali itatajwa. Mayi ya mutoto kuoga, yaliyopimwa na mutu asiyelipwa na kampuni, yaandikwe pia kwenye musitari wake, na namba yake pembeni: bidoni ngapi kwa siku, kwa nyumba ngapi, tangu tarehe gani.